Khaki ya Pipani

Jumatatu, 2 Aprili 1951

Nimetukanwa. Mimi, Khisa, niliyebeba masanduku ya risasi ya Mfalme kutoka Voi mpaka Tanganyika vita vya kwanza! Na aliyenitukana ni nani? Mwalimu Phineas wa misheni, mtu mwenye magoti kama viazi, basi tu kwa sababu ana kofia ya skauti.

Nilimpeleka mjukuu wangu Nekoye aandikwe kwenye kundi lake. Phineas akasema skauti ni wavulana. Wasichana wana siku yao, Alhamisi, ya kufuma soksi. Nekoye akamuuliza soksi hizo huvaliwa na nani. Akajibu: skauti. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Akaniambia mzee, rudisha hicho kichwa nyumbani. Hicho kichwa!

Jambo lenyewe si la kucheka. Nasambu, binti yangu, mama yake Nekoye, ameapa: mtoto akimaliza likizo akizurura kando ya mto Sosiani, anapelekwa Kimilili kwa shangazi kulea watoto. Na shangazi huyo akipata mlezi haachilii. Nekoye ana miaka kumi na minne. Ndiye anayenisomea gazeti, halafu tunabishana. Si kwamba nitamkosa. Ni kwamba Nasambu anasoma bila ladha.

Nimekata shauri. Naanzisha kundi langu. Wavulana kwa wasichana, pamoja, porini! Nimemwambia Nasambu tutatembea Jumamosi na atamwona binti yake amekuwa mtu. Akaguna. Akasema sawa, mpaka Jumamosi. Mkiharibu, Baba, Jumapili anapanda lori.

Jumanne, 3 Aprili

Kundi limejaa! Yupo Kipngetich, ambaye baba yake anachunga ng'ombe wa Kaburu, na Jemutai dada yake, na nusu ya watoto wa lokesheni.

Mama Selpha, fundi wa cherehani, alikuja mkono kiunoni. Akauliza watoto wa kike na wa kiume watalala wapi huko porini. Nikamwambia hatulali, tunatembea. Akauliza, na wakichoka? Nikasema watakaa chini, wavulana wakitazama mashariki na wasichana magharibi. Akauliza, na wewe Mzee, utatazama wapi? Mwanamke huyu hakufundwa.

Lakini amekubali kushona. Maana kundi bila sare ni kundi la wezi wa mahindi tu. Wazazi wametoa vitambaa vya merikani. Merikani ni nyeupe. Skauti wa Phineas wana khaki kutoka dukani kwa Mhindi.

Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nani hajaona mikono ya watu wanaochuna magome ya miti ya miwati mashambani? Magome yale yale yanayopelekwa kiwandani kutengenezea ngozi. Mikono yao ni khaki tupu! Sasa kama ngozi ya mtu inakubali, merikani ina kiburi gani?

Jumatano, 4 Aprili

Nimechemsha magome kutwa katika lile pipa langu kuukuu la chuma. Nyumba inanuka kama kiatu.

Jemutai, mtoto wa juzi, akaja kunifundisha kazi. Ati bibi yake huloweka ngozi kwa magome katika chungu, hata kisu hakikaribii, kwa sababu chuma hugeuza maji yakawa meusi. Nikamwambia bibi yake alitumia chungu kwa kukosa pipa. Hili ni kundi la kisasa. Akanyamaza, lakini kwa namna ile ya wasichana ya kunyamaza kwa sauti.

Phineas alipita nje ya ua akiziba pua. Akauliza ni nani anazikwa bila jeneza. Nitamkumbuka.

Sare zote zimelowekwa. Kesho khaki!

Alhamisi, 5 Aprili

Nyeusi.

Nyeusi! Kaptura, sketi, mashati, vyote kama matako ya sufuria. Nimesuuza, nimesugua, nimeomba. Nyeusi. Magome ya siku hizi yanachanganywa na takataka.

Nilizianika. Hazijakauka, majirani wawili wakaingia na nyuso za huzuni. Wameona kamba nzima ya nguo nyeusi. Mmoja alileta kuku, mwingine sukari. Wakauliza ni nani ametutoka. Nikasema ni mtu wa mbali. Kuku nikampokea. Kukataa rambirambi ni kujitafutia laana.

Nekoye alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha ghafla. Akaniuliza, Kuka (ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita babu), kweli Mama atatuacha twende hivi? Nikamwambia nyeusi ndiyo nilikusudia. Akanitazama. Akaenda kuinyoosha sketi yake kwa pasi, polepole, kama mtu anayefunga mizigo.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimelala chini ya mablanketi manne. Naandika kwa hasira.

Tulitoka vizuri. Darajani tukakutana na Phineas na skauti wake, khaki mpaka masikioni. Wakatuita kunguru. Phineas akanipa mkono kwa dharau, akaniuliza kunguru hawa wanataga wapi. Wakati huo mvua ikaanguka, ile ya Aprili, bila hodi. Rangi ikaanza kutiririka, ya shati langu ikinijaa viganjani. Miguu ya watoto ikawa na mistari kama punda milia. Nikampigapiga Phineas kifuani, kirafiki kabisa. Shati lake sasa lina mkono wangu, vidole vitano.

Wao wakashika barabara kwenda kwenye jiwe kubwa juu ya maporomoko ya maji. Nikaona tutawatangulia kwa kukata katikati ya shamba la miwati. Nekoye akasema Kuka, tubaki barabarani. Kipngetich naye akasema. Jemutai hakusema, akanyamaza kwa ile sauti yake. Nikawaambia wangoje, nitangulie kupima njia, nikipiga filimbi wafuate.

Sasa, ni nani aliyepanda miti ile? Imesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, wote uso mmoja! Kulia miwati, kushoto miwati. Nikapuliza filimbi. Imejaa maji, ikatoa sauti ya bata mgonjwa. Nikatembea nikishikilia shina hadi shina. Mwishowe nikakaa. Nikawaza lori la Kimilili. Macho yangu yalikuwa na mvua, mvua tu.

Nikasikia Nekoye akitoa amri. Wawili wawili, mvulana na msichana, kila jozi mstari wake wa miti, asiyeona alama asogee mstari wa pili! Wakatokea wote. Nekoye akanionyesha: kwenye kila shina, upande usiopigwa na mvua, mkono mweusi. Akasema Kuka, umeandika njia nzima.

Kipngetich akanibeba mgongoni kama gunia. Mlangoni alisimama Nasambu. Aliwatazama kunguru wale wote, akamtazama Nekoye akiwapanga foleni na kuwahesabu asipotee mtu. Mimi hakunitazama.

Jumapili, 8 Aprili

Lori limeondoka. Nekoye yuko hapa, ananisomea gazeti vibaya kwa makusudi ili nibishe. Nilipiga chafya kidogo, machozi yakanitoka. Mafua.

Lakini hukumu! Nasambu amesema kundi liendelee, mkubwa wake awe Nekoye, Mama Selpha awasindikize. Na mimi? Mimi mwanzilishi? Nikitaka kwenda, nitembee katikati, nimeshikwa mkono! Tena watoto wamepiga kura: hakuna sare mpaka mahindi yavunwe. Bila sare! Wezi wa mahindi!

Phineas naye alitujia nje ya kanisa baada ya ibada. Akamuuliza Nekoye, mbele ya watu, kama anaweza kuja kuwafundisha skauti wake kufuata nyayo. Nekoye akasema anaweza, siku yoyote isipokuwa Alhamisi, hiyo wavulana watakuwa wanafuma soksi. Kanisa zima lilisikia. Phineas akavuta kofia yake machoni. Shati ni lile lile, na mkono wangu bado upo. Amesugua, hautoki. Rangi yangu ni imara.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimefikiri usiku kucha. Ni wazi alama za mitini zilikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Na kosa la khaki nimeligundua: maji yalikuwa mengi.

Mtu mwenye busara hujaribu kwanza kwenye kitambaa kingine. Nasambu ameenda sokoni. Ameacha kambani mashuka ya memsahibu anayemfulia, meupe, mapana, yamekaa bure.

Pipa linachemka vizuri. Jemutai amepita uani, akafungua mdomo. Nikamwambia asinitajie chungu.

Leo nimetia maji nusu.