Mbio Zangu za Uenyekiti wa Mwamba

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi hii kamati ya kijiji inafungua mwamba wa kusini. Ulifungwa miezi mitatu ili pweza wakue. Nilipinga tangu siku ya kwanza, kwa sauti, mbele za watu. Sasa inasemekana pweza wamejaa tele. Basi naunga mkono.

Kinachonikera ni mwenyekiti. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi. Mwamba mzima uko chini ya mtu asiyeweza kunyoosha mstari wa kisogo! Na wamempa filimbi. Anaivaa hata akinyoa.

Keshokutwa wanakuja wageni wa kisiwa jirani kutazama, waamue kama nao wafunge mwamba wao. Wakikubali, mtu wetu ataalikwa huko kuwafundisha. Boti ya bure, kiti cha mbele, kula na kulala juu yao. Nimemweleza mke wangu kwamba kazi hiyo ni yangu kabisa. Akasema mlango wa jikoni bado unaning'inia.

Yeye anawaza Jumamosi tu. Amenoa chuma chake cha kuchokolea pweza mpaka kinang'aa. Anataka mabati mapya ya jiko, maana mvua ikinyesha anapika kashika mwavuli. Nimemhakikishia kwamba mke wa mwenyekiti hahangaiki na mabati. Akaenda kuutafuta mwavuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji kuomba niwatembeze wageni. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Ana vichwa vya harusi vya kunyoa. Hajui anachokiachia!

Halafu nikapata wasiwasi. Pweza ni mnyama wa kujificha. Wageni wakiona mashimo matupu, mpumbavu nitakuwa mimi. Nikapanda boti hadi sokoni mjini, nikanunua pweza. Mkubwa. Muuzaji, mama mkarimu sana, aliniuliza jambo fulani. Nikasema ndiyo, ndiyo, maana boti ilikuwa inapiga honi. Nikakimbia kushika kiti botini, nikarudi kuuchukua mfuko mweusi, umefungwa vizuri. Sikuwa na haja ya kuufungua.

Sheria ya kamati ni kali: ukikutwa na pweza wa mwamba uliofungwa, nyumba yako nzima haishiriki siku ya kufungua. Lakini wangu ni wa sokoni. Niko safi.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Maji yalikupwa asubuhi. Nilitangulia peke yangu, nikamimina mfuko shimoni huku nikiangalia nyuma nisionekane. Nikaweka jiwe juu.

Wageni walikuwa akina mama pekee, wavuvi wa pweza, wakiongozwa na mama mmoja mwenye kofia pana. Wanawake wetu walifuatana nao, mke wangu akiwamo. Nilizungumza vizuri mno. Niliwaambia wazo la kufunga mwamba lilinijia mimi. Mke wangu akashikwa na kikohozi. Nikaonyesha shimo, kama mtu anayebahatisha, nikamkaribisha Mama Kofia ajaribu.

Akaingiza chuma. Pweza akatoka bila ubishi wowote. Alikuwa ameshapondwa. Ameshatolewa matumbo. Nyuma yake ikaelea nusu ya ndimu.

Wanawake wote wakainama kutazama. Kisha Mama Kofia akaniuliza, kwa upole kabisa, kama pweza wa huku kwetu huzaliwa wakiwa tayari kwa chungu.

Kumbe Shemeji alikuwa nyuma yetu muda wote. Akapuliza filimbi. Ya nini? Hakuna aliyekuwa anakimbia!

Alhamisi, 6 Machi

Kesi imesikilizwa darasani. Nimekalishwa kwenye dawati la watoto, magoti usawa wa kidevu. Mjumbe mmoja akadai nimeiba pweza mwambani, nikamponda, nikamficha nije kumchukua baadaye. Ikithibitika, Jumamosi nyumba yetu nje.

Mke wangu alinikanyaga mguu. Ilibaki niseme tu nilimnunua. Nikasimama niseme. Hapo Shemeji akacheka, akasema mimi hata shati likianguka baharini silikamati.

Watu wakaangua kicheko. Nikapandwa na hasira. Nikasema mimi nikitaka pweza nakamata, na huyo pia nilimkamata mwenyewe, tena kwa mkono mmoja!

Katibu akauliza kama aandike hivyo.

Nikamtazama mke wangu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mimi nimemuudhi mara nyingi, lakini hivyo sijawahi kumwona. Moyo uliniuma kwelikweli. Nilitaka kuyarudisha yale maneno, nikashindwa, watu wote walikuwa wananiangalia. Akasimama yeye.

"Jamani, ndugu zangu," alisema, "nimeishi na huyu bwana miaka yote hii, na mnamjua. Kuna mtu hata mmoja humu amewahi kumwona kakamata pweza?"

Wakapiga kura: aliyewahi kuniona anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata fundi boti, rafiki yangu wa damu, alikaa juu ya mikono yake! Nyumba yetu imesafishwa kwa kauli moja. Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Nimepewa adhabu ya kuwadanganya wageni: Jumamosi nibebe vikapu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebeba vikapu. Mke wangu kapata pweza wakubwa mpaka vikapu vikajaa. Alikuwa anacheka peke yake majini. Mabati yamepatikana. Nilifurahi, nakiri, ingawa mgongo umekwisha.

Mama Kofia alirudi na wenzake kushuhudia. Wameamua: nao wanafunga mwamba wao. Wameomba mtu aende awaeleze ni hila gani watu huzitumia, wajue kujikinga nazo. Shemeji alinipendekeza mimi. Kamati nzima ikapiga makofi. Hatimaye wamenitambua!

Jumapili, 9 Machi

Nafunga mzigo. Boti ya bure, kiti cha mbele. Mke wangu amenisihi niwasimulie yaliyotokea tu, nisiongeze chochote. Nimemwahidi.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Watu wanataka kuona kwa macho. Nimemwagiza yule mama wa sokoni pweza mmoja, mzima, anayetembea, atanipokea naye bandari ya mjini, boti ikipita. Nitawaambia wenyeji wangu nilimkamata njiani, kwa mkono mmoja. Mke wangu haji.