Mbwa Mwenye Majina Manne na Asiye na Mwenyewe

Kwa Mjomba,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia na Msimamizi wa Kundi Letu la Simu.

Mheshimiwa Mjomba,

YAH: HATUA ZA KUCHUKULIWA DHIDI YA WATU WALIOJIPATIA MTOTO WA MBWA BILA KUFIKIRI

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, na kabla ya kikao cha Jumapili. Nimeamua kukuandikia karatasini badala ya kuweka hoja zangu kundini, kwa kuwa kundini hoja hujibiwa kwa kikatuni kinachocheka hadi kutoa machozi.

Ajenda ya Jumapili unaijua: mtoto wa mbwa akae na nani. Mimi naomba asikae na yeyote kati yetu. Mlinzi wa ghala la mbao lililo nyuma ya nyumba ya Dada, ninakoishi kwa sasa, amekubali kumchukua. Ana uwanja, ana subira, amefuga mbwa wakazeeka mikononi mwake, na hayumo kwenye kundi letu. Sifa hizo zinatosha. Atakuja na kamba yake mara tu kikao kitakapotamka. Wanaobaki ni wahusika, na dhidi yao nina malalamiko yafuatayo.

1. Jinsi alivyopatikana. Binamu yangu, yule tunayemwita Fasta, aliweka kundini picha ya mtoto wa mbwa aliyekaa ndani ya karai, akauliza, "Nani anamtaka?" Kwa watu wazima swali hilo lina majibu mawili tu: "mimi" au "si mimi". Sisi tulilijibu kwa majina. Dada alisema aitwe Asali. Shemeji akasema Kamanda. Mama Mdogo, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na asiyepaswa kushindwa kujumlisha, akapendekeza Profesa. Fasta mwenyewe alikuwa ameshamwita Dili. Kila aliyetoa jina aliamini kwamba mwenzake ndiye atakayetoa chakula. Jioni mbwa akaletwa hapa kwa Dada kwa pikipiki. (Kidole gumba chako nacho kilionekana chini ya picha ile, Mjomba, lakini nimekichukulia kuwa kiligusa kioo kwa bahati mbaya.)

2. Matokeo ya majina hayo. Mbwa haitikii hata moja. Huitikia sauti ya mlango wa friji tu. Na kwa kuwa Shemeji ni fundi wa friji, na ua wetu umejaa friji mbovu za wateja, kiumbe huyu huitwa kutwa nzima na hapewi kitu. Kila mlango ukifunguliwa hukimbia mbio na mkia juu, akakuta nyaya. Huo si ufugaji. Ni kumchezea mtu matumaini yake, na sioni kwa nini neno "mtu" lisimhusu.

3. Ulinzi. Shemeji alimtetea kwa kusema atalinda vipuri. Juzi mtu tusiyemjua aliingia uani. Mbwa alimlaki akiwa na ndala ya Dada mdomoni, akatangulia mbele yake hadi zilipo kompresa. Shemeji akasema, "Bado mdogo huyo, anajifunza." Nakubali kwamba anajifunza. Ninachouliza ni nani mwalimu wake.

4. "Upo tu." Hapa nazungumza kama mwathirika. Asubuhi ya kwanza Dada alikuwa anavaa viatu vya kazini, akaniambia, "Mwangalie huyo mbwa, wewe si upo tu." Mjomba, mimi nina shahada ya falsafa. Suala la kuwapo limewashughulisha wanafikra karne na karne, wakafa bila kulimaliza. Dada alilimaliza kabla hajafunga kamba za kiatu cha pili. Nilipomweleza kwamba kusubiri majibu ya maombi ya kazi ni shughuli kamili, alisema, "Haya, subirini pamoja," akaondoka. Tangu hapo nimekuwa yaya bila barua ya uteuzi.

5. Kuwabembeleza wakosaji. Nilipoanza kuwahoji wahusika, Mama Mdogo alinivuta pembeni. "Wewe nawe na maneno yako. Ukiwasema sana watamtupa. Waelekeze polepole, watamlisha." Nimesoma vitabu vingi kuhusu adhabu, na hakuna hata kimoja kinachoshauri mkosaji aelekezwe polepole. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza kama vitabu hivyo vimewahi kufuta mkojo kwenye zulia. Swali hilo halikuwa la kitaaluma.

Kutokana na hayo naomba kikao kiazimie kwamba wahusika wasipewe pole na mtu yeyote. Kiazimie pia kwamba kabla ya kuruhusiwa kufuga chochote tena, kila mmoja akabidhiwe mche kwenye kopo tuone utakavyoishi. Nasema haya nikijua kwamba hata maua ya plastiki ya sebuleni kwetu yana dalili za kunyauka.

Aidha, kisiingie tena katika familia kiumbe chochote kinachopumua bila kusailiwa. Hapa haki inanilazimisha kumtaja Shemeji. Dada mwenyewe husimulia kwamba alimwona kwenye picha ya harusi ya watu wengine, akasema ana macho ya huruma, na kwamba mengine yangejulikana mbele ya safari. Utaratibu ni uleule wa karai. Naomba arudishwe kwa mama yake kwa muda, achunguzwe, na akifaulu arejeshwe akiwa na cheti.

Mwoga angeishia hapo. Mimi niliifuata hoja hadi kwa Mama, nikamuuliza ni maandalizi gani yalifanyika kabla yangu. "Wewe? Wewe ulikuja tu," akasema, akaendelea kukunja mashuka. Nimetafuta mwanya katika jibu lile, sijauona. Ukoo mzima, Mjomba, umepatikana kiholela: watu waliopewa majina kabla haijafikiriwa watalala wapi. Kwa hiyo, baada ya mbwa kukabidhiwa kwa mlinzi, naomba kikao kiivunje familia hadi maandalizi yatakapokamilika.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto wote, pamoja na majirani wanaotusikia tukibishana siku za vikao. Mama naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia.

Wako kwa utii usiozuia hoja,
Mpwa wako, Mhitimu.

N.B. Mlinzi hakungoja Jumapili. Amepita sasa hivi na kamba yake. Nimemwambia mbwa amehamia kwa jamaa wa mbali. Isingewezekana kumtoa kwa wakati ule, maana alikuwa amelala juu ya joho langu la mahafali, na akilala hukoroma huku mguu mmoja ukikimbia, nami sikuona ustaarabu wa kumkatiza mtu safari. Mlinzi ameondoka bila kinyongo. Jumapili, ukiona wajumbe wanaelekea kukubaliana nami, tafadhali waambie kwamba barua hii haikukufikia.