Nyundo Yangu Irudishwe Bila Masharti

Jumamosi, tarehe 19 mwezi wa tisa

Kwako Mama Mkwe ninayekuheshimu,

YAH: MWANAO KUMALIZA KAZI ZANGU

Shikamoo Mama. Sisi huku wazima, mahindi yamebeba, na kuku wanataga kupita kiasi, jambo ambalo ni sehemu ya malalamiko yangu.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyemlea. Tulipokuja kujitambulisha kwenu, mlituambia ana heshima na hapendi maneno mengi. Hakuna aliyetudokeza kwamba akikuta kitu kimeanzwa, hapati usingizi mpaka akimalize. Silalamiki bila ushahidi. Tarehe zote nimezitoa kwenye shajara yangu, ambayo naiandika kila siku tangu nilipomaliza kidato cha nne.

1. Banda la kuku. Nililianza tarehe 3 mwezi wa pili kwa kusimamisha nguzo nne. Kuanzia hapo nilikuwa katika awamu ya kuchunguza upepo unatoka wapi, na kufikia mwezi wa sita nilikuwa nakaribia jibu. Tarehe 11 nilikwenda kwenye mkutano wa ushirika. Niliporudi jioni, banda lilikuwa na kuta, paa na mlango, na kuku wamo ndani wananitazama kama mgeni. Mchoro wangu haukuguswa. Zamani walitaga chini ya kitanda chetu, na yai likihitajika ulinyoosha mkono tu. Sasa inabidi kuvaa viatu.

2. Kichanja cha vyombo. Nilikwisha kukitengenezea miguu mitatu. Wa nne nilikuwa naufikiria. Mwanao akaokota kipande cha mti, akapima kwa kiganja, akakata, akapigilia, akaenda zake shambani. Hata robo saa haikufika. Jirani yetu mwenye miwani akapita, akasema, "Hongera fundi, kumbe nawe unamaliza!" Niliipokea hongera hiyo kwa siku mbili, maana kuikataa kungekuwa kukosa adabu. Lakini moyoni iliniuma.

3. Matusi. Tarehe 2 mwezi wa nane nilimweleza mwanao, mbele ya jirani huyo huyo, kwamba nina miradi saba inayoendelea. Akasema, "Baba watoto, hiyo si miradi. Hiyo ni ilimradi." Jirani alicheka mpaka miwani ikamtoka, akajitupa kwenye benchi langu, ambalo wakati huo lilikuwa halijaruhusiwa kukaliwa. Likaachia. Tangu siku hiyo naitwa Mzee Ilimradi, kuanzia kisimani hadi dukani. Binti yetu aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani. Sitaki kukuandikia alichojibu.

4. Nyundo. Hili ndilo kubwa. Jumatatu ya wiki hii nilipigilia msumari wa kwanza wa mzinga wa nyuki. Wa kwanza tu, Mama. Mwanao akanijia, akaitoa nyundo mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaifungia ndani ya sanduku lake la nguo. Sharti lake: hakuna mzinga mpaka mlango wa bafu ukamilike. Bafu hilo nalijenga tangu mwezi wa nne. Fremu ipo, mlango upo umeegemezwa ukutani, na mahali pake tumening'iniza gunia safi linalopitisha hewa. Nikamuuliza nitaumalizaje mlango bila nyundo. Akasema, "Ukiwa tayari sema, nitakutolea. Nami nitakaa hapo hapo." Yaani nisimamiwe! Nyumbani kwangu!

Kwa hiyo naomba uamuru kwamba nyundo irudishwe bila masharti, kwamba mwanao asimalize tena kitu chochote bila idhini yangu ya maandishi, na kwamba kile kichanja king'olewe mguu mmoja, ili nami nirudi pale nilipokuwa. Ikishindikana, nitaomba kikao cha pande mbili, na nitakuja na shajara.

Wasalimie shemeji zangu wote, shangazi mwenye duka, na yule babu anayeniuliza kila mara mzinga umefikia wapi. Mwambie uko njiani.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mume wa Mwanao (Fundi)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha mwanao alipoingia, akaweka nyundo, komeo na bawaba mbili juu ya barua hii. Doa la kutu unaloliona ndilo hilo. Hakufoka. Alisema, "Miezi mitano naoga huku naimba, ili mtu asije akafunua gunia. Leo nimechoka kuimba." Mama, mimi nilidhani ni furaha. Kwenye shajara nimeandika "Mama watoto ana furaha, ameimba bafuni" mara thelathini na nane; nimehesabu sasa hivi. Mlango tumeufunga pamoja. Yeye alipigilia, mimi nilishika, na mara ya kwanza niliushika kichwa chini. Nyundo abaki nayo. Kichanja kisiguswe. Yote niliyoandika hapo juu yasome kama barua ya mtu mwingine. Nimekaa nje ya bafu, naandikia gotini. Komeo limefungwa kwa ndani, hakuna awezaye kumfungulia, na bado anaimba.