Mkakati wa Kumpitisha Shemeji Goodluck

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeteuliwa! Mkuu wa Mikakati. Shemeji Goodluck alinipigia asubuhi nikiwa bado napanga mikanda na kofia mezani kwangu, kando ya barabara hapa mjini. Aliuliza kama nina nafasi kidogo. Nikamwambia mtu wa siasa hana nafasi, ana majira. Akakata simu. Nadhani ilimwingia.

Hali ni hii. Umoja wa Waswahili Durban unatafuta rais. Kwanza kuna mchujo: Tawi la Mjini litoe mgombea wake, Tawi la Berea litoe wake, halafu hao wawili wapambane. Mchujo wetu ni Jumapili ya tarehe kumi na tano. Wagombea ni wawili. Shemeji yangu, mwenye duka la simu. Na Mama Epiphanie, Mkongomani mwenye saluni. Rais ndiye atakayekwenda manispaa kutusemea sisi wa mezani, maana inasemekana wanataka kutuondoa barabarani. Si mchezo.

Nimemwambia mke wangu Rhoda kwamba kaka yake yuko kwenye mikono salama. Akauliza mikono ya nani.

Jumatano, 4 Juni

Kaulimbiu imepatikana. Wakongomani ni wengi tawini, na pale sisi tunaposema yupo, wao husema iko. Basi nikaandikisha bango kubwa jekundu: GOODLUCK IKO! Nikalitundika mlangoni pa duka lake.

Watu wakaanza kumiminika. Nikajipongeza mapema. Kumbe walidhani bango linatangaza kwamba mwenye duka leo yumo ndani, na wengi wanamtafuta tangu Pasaka kwa ajili ya simu zao. Peguy, fundi wake, akawaambia ukweli: hayupo, ana kikao. Mama mmoja Mkongomani alilisoma bango, akamtazama Peguy, akalisoma tena.

“Sasa, Goodluck iko ao haiko?”

Hadi jioni mtaa mzima unaulizana hivyo. Hata dereva mmoja wa taxi, Mzulu asiyejua neno la Kiswahili, amenipigia honi kwenye robot, yaani taa za barabarani, na kupaza sauti: “Goodluck iko?” Jina limeenea. Sijui kama limeenea vizuri au vibaya. Mikakati haisemi.

Ijumaa, 6 Juni

Utafiti wa kisayansi. Nimepita saluni, maduka ya simu na meza zote nikiuliza kila mtu atampa nani kura. Wote Goodluck! Hakuna aliyesita. Mmoja alinikumbatia.

Tatizo dogo: walioniahidi kura ni wengi kuliko wanachama wa tawi. Nimehesabu upya. Wamezidi. Na mara ya tatu wakazidi zaidi. Huenda wengine waliahidi kwa niaba ya watoto ambao hawajazaliwa.

Nimemweleza Shemeji kwamba tuko juu ya asilimia mia. Akauliza inawezekanaje. Nikamwambia ndiyo maana aliniajiri.

Jumamosi, 7 Juni

Usaliti chini ya paa langu!

Tukiwa tunakula, nikamwambia Rhoda kwamba kura yake nimeiweka kwenye zile za uhakika. Akasema niitoe. Anamchagua Mama Epiphanie. Nikaweka kijiko chini. Nikamuuliza anawezaje kumtupa kaka yake wa tumbo moja.

Hakupandisha sauti. Akanikumbusha majira ya baridi yaliyopita, binti yetu Belinda alipopata nimonia. Akasema: wewe, Baba Belinda, ulikuwa Johannesburg unatafuta kofia za jumla. Kaka Goodluck alinitumia kidole gumba kwenye simu. Mama Epiphanie alifunga saluni, akakaa nami kwenye benchi la hospitali kutwa nzima. Wahudumu waliponizungusha habari za makaratasi, yeye ndiye aliyesimama dirishani akawajibu kwa Kizulu mpaka mtoto akapelekwa kwa daktari.

“Sasa niambie, nani aende manispaa?”

Nikasema siasa si mambo ya benchi. Akaondoa sahani yangu. Nilikuwa sijamaliza.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata njia! Nguvu ya Mama Epiphanie ni kura za Wakongomani. Dawa ni kumsimamisha Mkongomani mwingine, kura zao zigawanyike, na shemeji yangu apite katikati kama mfalme. Ni akili ya hali ya juu. Inanitisha mwenyewe.

Mtu ni Peguy. Fundi, mpole, anaimba kwaya, hana tamaa ya uongozi. Nilimfuata dukani nikamwambia taifa linamhitaji. Akauliza taifa lipi. Swali gumu, maana mimi Mtanzania, yeye Mkongomani, na tuko Afrika Kusini. Nikajibu taifa la mjini. Alicheka, kisha akafikiri, mwisho akakubali. Nikamsihi asimwambie mtu nani aliyemshawishi.

Shemeji sijamwambia bado. Jenerali haonyeshi kila mtu ramani.

Alhamisi, 12 Juni

Kuna kitu hakiko sawa.

Kura zimegawanyika, ila zinazogawanyika ni zetu! Nilisahau kwamba wateja wa duka la Shemeji hawamjui Shemeji. Wanamjua Peguy. Peguy ndiye aliyewarudishia picha za marehemu mama zao kwenye simu zilizokufa. Watanzania wanamtaka. Wakenya wanamtaka. Wakongomani peke yao ndio wamebaki kwa Mama Epiphanie, kama mlima.

Shemeji alikuja mezani kwangu amekunja uso. Anauliza ni nani mpumbavu aliyemtia fundi wake kichwani mambo ya uongozi. Nikasema nitachunguza. Ameniamuru niunde kamati ya uchunguzi. Nimeiunda. Mwenyekiti ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kumwomba Peguy ajitoe. Nilizunguka sana: nikaanza na hali ya hewa, nikapita kwenye umoja wa Afrika, nikaishia kwenye kujitoa. Alinisikiliza huku akifungua simu ya mtu.

“Sharp, papa Protas,” akasema, yaani sawa. “Nitajitoa just now.”

Nikashukuru Mungu. Nimefika kona ya barabara ndipo nikakumbuka mji niliopo. Hapa just now inaweza kuwa baadaye kidogo, inaweza kuwa kesho, na inaweza kuwa kamwe. Nimeishi Durban miaka yote hii na sijui bado ni lini. Nikarudi kuuliza. Duka limefungwa. Bango bado linasema GOODLUCK IKO.

Jumapili, 15 Juni

Historia lazima iandikwe.

Tulikutana baada ya ibada, ukumbi wa kanisa, mjini. Msimamizi akatangaza kwamba tunapiga kura kwa mlolongo: kila mgombea asimame mbele, wanachama wapange mstari nyuma ya wanayemtaka, filimbi ikilia hakuna kuhama. Wakasimama watatu. Watatu! Just now haikuwa leo.

Mistari ikaanza kurefuka. Wa Mama Epiphanie mrefu, Rhoda yumo, Belinda mgongoni. Wa Peguy mrefu vilevile. Wa Shemeji mfupi kama mkia wa mbuzi. Nikamkimbilia Peguy, nikamshika shati, nikamnong’oneza ajitoe sasa hivi, si just now, sasa hivi!

Filimbi ikalia.

Nimesimama mstari wa Peguy, wa kwanza kabisa. Na Peguy, moyo mweupe yule, akanikamata mkono akaunyanyua juu. Akawaambia watu kwamba asingekuwa mimi asingethubutu. “Huyu ndiye alinisukuma! Papa Protas, merci!”

Makofi. Nilimtazama Shemeji. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole vile.

Nilidhani atanipiga. Hakunigusa. Aliangalia nyuma yake watu wachache waliobaki, akamwangalia dada yake kule mbali na mtoto mgongoni. Kisha akamwomba msimamizi ruhusa ya kusema.

“Jamani, nimetangaza kwamba niko. Dada yangu alipokuwa hospitalini sikuwepo. Aliyekuwepo yuko pale.”

Akatoka mbele, akavuka ukumbi, akaenda kusimama nyuma ya Rhoda. Watu wake wakamfuata. Msimamizi alipuliza filimbi kwamba hairuhusiwi kuhama, lakini nani anamsikia? Mama Epiphanie kashinda. Rhoda alikuwa analia na kumshika kaka yake mkono. Peguy alikwenda kumpongeza Mama akaimba ubeti mmoja, ukumbi wote ukaitikia.

Mimi nilibaki peke yangu kwenye mstari. Nikapiga makofi. Sikujua nampigia nani.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya vijana huku, meza haikupangwa. Nimechambua matokeo kwa utulivu. Sababu ya kushindwa ni filimbi. Ililia mapema.

Shemeji alipita kunywa chai. Amesema amenisamehe, na kwamba kuanzia leo nisimfanyie jambo lolote. Nimelichukua kama likizo.

Lakini habari kubwa ni hii! Rhoda amerudi kutoka saluni na ujumbe wa Mama Epiphanie. Jumapili ijayo ana mkutano wa kwanza na watu wa Berea, na anaomba mimi nikapange viti.

Mimi! Viti! Mwanamke ana macho. Kaona kipaji hata kikiwa kambi ya adui. Rhoda akaongeza kwamba viti vya zamani vimejaa vumbi na vingine miguu imelegea, niviondoe kabla watu hawajafika. Nikaitikia kwa kichwa. Sina haja ya kufafanuliwa. Akasema pia nivae nguo za kazi. Nitavaa suti.

Jioni hii nimeshapiga simu. Libère muuza viatu nimempa kiti cha makamu wa rais. Atupele wa mboga nimempa uhazini, amelia kwa furaha. Vimebaki viwili. Peguy anataka kimoja, ila nimemwambia asubiri.