Ua Lililovuka Ukuta

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku sita zimebaki! Dada anakuja Jumapili kwa chakula cha mchana, na Jumatatu anahamia kwa binti yake, saa kumi na nne angani. Ana miaka sabini na mitatu. Hakuna aliyesema kwamba hatarudi, ila ameshagawa masufuria yake.

Ubishi wetu lazima uishe kabla hajapanda ndege. Umetimiza miaka sitini na moja. Kichaka cha uani kwa Mama, kule kwetu tulikotoka tukikimbia, kilikuwa na ua moja siku ya kuondoka. Mimi nasema lilikuwa jeupe. Dada anasema jekundu. Nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na miwili, na kwa hoja hiyo amenikandamiza maisha yote. Mjomba alinitanguliza alfajiri kwa baiskeli. Dada na Mama walifuata jioni, wakakata kijiti cha kubeba, kwa hiyo anajiona shahidi mkuu. Mama, tukimwomba aamue, alisema tu, "Nyote wawili mna macho," kisha akatuambia tule.

Kijiti kipo. Kila tulipohama kilikatwa kingine, kikaishi koponi nyuma ya mlango, gizani. Sasa kiko kwangu, ardhini, mwaka wa tatu, kimekuwa kichaka chenye majani mapana kama viganja. Ua? Hata la kusingizia!

Wala si kwamba hakitunzwi. Nilisahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na minane. Sivumilii kitu kinachotoka nje ya pambizo. Kila Jumamosi nakipogoa. Kimenyooka kama ukurasa.

Jumanne, 7 Oktoba

Kwa mama mwenye kitalu cha miche. Nimempelekea tawi. Ameuliza nani amelikata hivi. Mimi, nikasema, kwa fahari.

"Mzee wangu, unakata matumba."

Nikamweleza kwa upole kwamba sikati matumba. Nakata vifundo vinavyojitokeza nchani. Akasema vifundo hivyo ndivyo matumba yenyewe, maua kabla hayajafunguka, na dawa ni kufungia mkasi kabatini, tena niache kukishindilia samadi, kimevimbiwa.

Mwanamke mwema. Nimemshukuru, nikarudi na gunia la samadi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegundua! Tatizo ni jua. Ukuta wa jirani unalizuia mpaka saa tano. Nimeburuta kioo cha kabati la nguo hadi uani, nikakiegemeza kwenye ngazi, nikaupeleka mwanga moja kwa moja kwenye kichaka. Kazi ya kitaalamu.

Jirani ni fundi viatu mstaafu. Namwita Makapi, kwa kuwa bustani yake yote imetokana na makapi ya chai anayomwaga dirishani. Hapalilii, hapogoi, na kila kitu kwake kinachanua. Akisahau ufagio nje, nahofia utatoa maua.

Saa tatu amekuja na mwiko mkononi. Alikuwa akikaanga yai, ghafla akawa halioni yai. Akauliza kama napigia meli ishara. Kisha akanijulisha kwamba tawi langu moja limevuka ukuta. Nimeona haya! Nikapanda juu ya ndoo nilikate. Mkono haukufika, mkasi ukaniponyoka ukaangukia kwake. Mkasi ameurudisha. Tawi amekataa katakata lisiguswe.

"Aliyevuka mwenyewe ni mgeni wangu. Na mgeni hanyolewi."

Nimetafuta jibu mpaka chai ya jioni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna ua. Kioo kimevunjika. Mgongo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango mpya, na huu hauna dosari. Dada ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto lote na nusu ya la kulia. Nimekata maua matano ya karatasi nyeupe, nikayafunga kwa uzi, pale katikati ambapo majani ni mengi. Kwa hatua sita hata mimi yananidanganya. Kwa hatua mbili, petali moja inasomeka "pampu za maji safi na taka," maana nilitumia karatasi za majaribio kutoka kiwandani. Nitahakikisha Dada hasogei karibu zaidi ya hatua nne.

Ni udanganyifu? Ni marejesho ya nakala iliyopotea.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepogoa asubuhi kama kawaida. Mchana mvua. Maua yangu yamekuwa uji. Nimekaa jikoni na chai iliyopoa, nikijiambia kwamba mtu anaweza kuishi bila kujua rangi ya ua. Sikujiamini.

Jumapili, 12 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Makapi amegonga. Hakutania. Hilo pekee lilinitisha.

"Mzee mwenzangu, njoo. Kuna kitu chako kwangu."

Nimekwenda na kandambili. Upande wake wa ukuta, kwenye lile tawi, limefunguka ua pana kama kisahani. Jeupe. Jeupe la maziwa, petali juu ya petali, na tone la mvua limesimama katikati bila kumwagika. Mkono wangu ulivua kofia kabla sijauamuru. Nimesoma vitabu vingi. Hakuna ukurasa ulionivua kofia.

Nilikuwa na miaka sita tena, nimekaa nyuma ya baiskeli, nageuza shingo.

Makapi akaleta kigoda. Nikakaa. Sikutaka hata kusherehekea, na mimi huwa nasherehekea.

Saa tano Dada amefika. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Makapi, nikamsogeza hadi pua yake ikakaribia ua. "Sema, Dada. Rangi gani?" Akachungulia kwa jicho lake zuri. Akasema la rangi ya waridi. Nikacheka, nikatazama. Lilikuwa la waridi! Kingo zake zote, kama shavu la mtu aliyesifiwa. Nikamshutumu Makapi kwa makapi yake. Akaapa kwamba tangu juzi hajamwaga hata tone upande ule.

Hatukwenda kula. Chakula kililetwa ukutani. Watu wazima watatu kwenye vigoda, sahani magotini, tunatazama ua moja. Saa saba limekolea. Saa tisa limekolea zaidi. Hakuna aliyeliona likibadilika. Kila tulipopepesa macho lilikuwa limeshabadilika. Saa kumi na moja lilikuwa jekundu, jekundu la kuiva, ndilo lile la Dada kabisa, na petali zake zimeanza kujikunja.

Dada akasema taratibu, "Mdogo wangu, wewe uliondoka asubuhi."

"Na ninyi jioni," nikasema.

Makapi akainuka, akajifanya anatafuta kijiko.

Baadaye kidogo Dada akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama alijua! Miaka yote ile, tukigombana mezani kwake, alijua!" Nyote wawili mna macho. Tukacheka mpaka yakatutoka machozi, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Dada ameondoka. Kijiti kipya kimo kwenye soksi yake ya kushoto, ndani ya leso mbichi. Ua limenyauka, limekuwa kama ngumi ya mtoto aliyelala. Ninakiri kwamba jana ilinifundisha unyenyekevu. Naandika hili kwa herufi nzuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Dada amepiga simu. Amefika, soksi salama. Akaongeza kwamba kitu huhukumiwa kwa mwisho wake, kwa hiyo lilikuwa jekundu. Nikamwambia kitu ni jinsi kilivyozaliwa, na lilizaliwa jeupe. Akasema mimi mkaidi tangu tumboni. Akakata. Baada ya dakika mbili akapiga tena, tukaendelea. Nimefurahi kupita kiasi.

Jioni nimechungulia juu ya ukuta. Lile tawi la muujiza lina vifundo vingine vinane nchani, kila kimoja kimeelekea kwake, ovyo ovyo, kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Haifai. Tawi lenye heshima kama ile haliwezi kuachwa hivyo.

Nimeazima mkasi wa mpini mrefu. Makapi ana miadi ya daktari kesho saa mbili asubuhi. Nitanyoosha kidogo tu, pambizo.