Waraka Namba Saba Kuhusu Nidhamu ya Homoni

Kuanzia leo, Jumatatu tarehe 3 Machi 1997, hakuna homoni itakayopeleka ujumbe ndani ya mwili wa mkazi yeyote wa Shauri Moyo bila kibali cha ofisi hii. Hivyo ndivyo ulivyoanza Waraka wangu Namba Saba, nilioupiga mhuri mara tatu.

Chanzo ni nesi Muhonja. Mimi, Nzivo, msimamizi wa zahanati, nilimuuliza insulini ina kazi gani hasa, maana ilijaza friji na soda zangu zikakosa nafasi.

"Ni homoni, Bwana Nzivo. Inapita kwenye damu ikiziambia seli zipokee sukari. Ni kama kuita 'Mama Lorine!' kwenye ploti yenye wapangaji wengi. Wote wanasikia, lakini anayeitika ni Mama Lorine. Seli inayoitika ina kipokezi."

"Na hao wengine, wanasikiliza ujumbe usio wao?"

"Hawana kipokezi cha huo ujumbe. Wanaendelea kufua."

Nilisikitika sana. Miaka yote hii ya uhuru, na ujumbe mzito bado unatupwa kwenye damu bila anwani, bila nakala kwenye faili! Nikatia friji kufuli. Anayetaka insulini ajaze fomu, ataje jina la kila seli itakayoipokea, moja moja, nakala tatu.

Wa kwanza kukwama alikuwa Wanyonyi, mbeba magunia huko Industrial Area, mgonjwa wa sukari tangu utotoni. Jumatatu alimaliza maji ya mtungi wetu. Jumanne alikuja akishikilia ukuta.

"Mkubwa, wacha nidungwe tu. Hii kitu itanimaliza."

"Umefika seli ya ngapi?"

"Mimi ni mtu wa magunia, mkubwa. Seli nitazijulia wapi?"

Uzembe mtupu. Muhonja alinitazama kwa jicho lisiloruhusiwa na kanuni za utumishi.

Kilichonifariji ni choo changu, ambacho ufunguo wake ninao peke yangu. Humo sisimizi walikuwa wamepanga mstari ulionyooka kutoka dirishani hadi kwenye bakuli. Nikamwita Muhonja ajionee nidhamu.

Akainama juu ya bakuli. "Nani hukojoa hapa?"

"Afisa tu."

"Na soda, kwa siku?"

"Saba. Madaraka yana kiu."

Akachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo wangu. Kikageuka rangi papo hapo. "Bwana Nzivo, una sukari, na si kidogo."

Jasho likanitoka. "Moyo unanienda mbio! Nani ameuruhusu?"

"Hiyo ni homoni nyingine. Hofu imeita, moyo umeitika. Labda waraka haujaufikia."

Nilifungua kufuli ya friji. Muhonja akanipita na chupa ya insulini mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye benchi alipoketi Wanyonyi.

"Laini inaanzia hapa, mkubwa," Wanyonyi alisema kwa sauti iliyokauka, akikunja mkono wa shati.

Akadungwa. Kisha Muhonja akaketi kwenye kiti changu, akachukua fomu tatu, akafungua kalamu.

"Daktari ataamua dawa yako. Lakini waraka ni waraka. Jina la seli ya kwanza?"

Nikawaza na kuwazua.

"Mama Lorine," nikasema, machozi yakinitoka.