Makato ya Mpima Dagaa

Alhamisi, 31 Oktoba

Bosi ameacha kutulipa kwa bahasha. Leo kiwandani Bangwe tumepewa slipu za mshahara, karatasi kabisa, na jina langu juu: Zubery, mpima mizani. Mshahara 480,000. Nikafurahi! Nikashuka chini ya karatasi. 419,040. Ni zile zile za kwenye bahasha. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nakatwa na sijui! NSSF 48,000. Kodi ya mapato, PAYE, 12,960. Nikamuuliza Rozalia mhasibu hiyo 12,960 ameitoa wapi. Akasema ni viwango vya serikali, kompyuta inapiga yenyewe. Mwizi wa kawaida angekata 13,000. Huyu amekata kwa kupimapima ili nimwamini.

Shadya, mke wangu, hakushtuka. Aliuliza tu bati tunanunua lini, maana mvua zimeanza na chumba chetu hapa Ujiji kimeezekwa kwa turubai.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimeiona slipu ya Pastory! Yeye hufunga paketi za dagaa, analipwa 270,000. Nilijifanya naokota kalamu. Kwenye PAYE: sifuri. Sifuri! Pastory katoka Kasulu. Rozalia naye katoka Kasulu. Kila asubuhi wanasalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, na salamu haiishi mpaka chai ipoe. Nikamkabili Rozalia. Akasema mshahara wa Pastory haujafika kiwango cha kukatwa kodi. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Asiye na hatia hufikiri kwanza.

Jumatatu, 4 Novemba

Niliomba ruhusa, nikasema jino linauma. Nikapanda pikipiki hadi ofisi ya NSSF mjini, nimkamate Rozalia na ushahidi. Dada wa dirishani akanifungulia michango yangu. Ipo yote. Tena si 48,000 kwa mwezi, ni 96,000! Akaeleza kwamba mwajiri naye huniwekea asilimia kumi, ndiyo sheria, na nitazikuta uzeeni.

Nimerudi na wasiwasi zaidi. Nani anamwekea mtu pesa mwaka mzima bila kujisifu hata siku moja? Wanataka nini kwangu? Nauli imenila elfu nne. Na jino limeanza kuuma kweli.

Jumanne, 5 Novemba

Bosi kaniita. Msimamizi wa ghala anastaafu, nafasi ni yangu nikiitaka. Mshahara 580,000. Jibu keshokutwa.

Shadya akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Tayari alikwishaongea na mwenye duka: bati ishirini na nne, tulipe kwa miezi mitatu. Mimi sikupiga kelele. Nilikaa na ile karatasi ya viwango vya kodi aliyoibandika Rozalia ukutani (nimeibandua). Mshahara huo unaingia kwenye asilimia ishirini! Ishirini ya 580,000 ni 116,000. Toa na NSSF, 58,000. Ninabaki na 406,000. Yaani kazi iongezeke, funguo zining'inie kiunoni, na pesa ipungue kwa 13,040! Huu ni mtego. Nimeuona mapema, alhamdulillahi.

Jumatano, 6 Novemba

Bi Hidaya kaleta dagaa kutoka Kagunga, magunia kumi. Nikamtolea kilo mbili kila gunia, za maji na mchanga. Hayo si makato, ni utaratibu. Akalalamika kwamba magunia tisa ni makavu kabisa, moja tu ndilo limelowa botini, kwa nini nisitoe kwenye hilo moja? Nikamwambia hata mimi nakatwa, nikamsimulia habari ya ile ishirini.

Bi Hidaya akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Akasema mwanawe ni mwalimu Kidahwe, makato anayajua. Akampigia simu pale pale. Mwalimu akasema ishirini haigusi mshahara wote, inagusa kile tu kilichozidi mstari wa 520,000, na kwangu, NSSF ikishatoka, kilichozidi ni elfu mbili. Kodi yote 20,400. Mkononi 501,600. Bi Hidaya akanigeukia: mwanangu, si unaona, ni kama hilo gunia langu moja lililolowa, pokea cheo umwezekee mkeo nyumba.

Nilikaribia kushawishika. Ila mwalimu alipiga hesabu haraka mno. Na Kidahwe iko njia ya wapi? Ya Kasulu!

Nimetoa kilo mbili kwenye magunia yote kumi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemkatalia bosi, kwa adabu. Tena nimempendekeza Pastory, nikamsifu vibaya sana: mwaminifu, mchapakazi, hachelewi. Sasa naye aionje ishirini! Bosi akaniuliza mara mbili kama nimelala vizuri.

Nyumbani nikamwambia Shadya nimetuokoa na hasara ya 13,040 kila mwezi. Mvua ilikuwa inanyesha. Akahamishia mto wake pasipovuja. Wangu akauacha.

Ijumaa, 29 Novemba

Mwisho wa mwezi. Pastory kanionyesha slipu yake kwa hiari yake, meno yote nje. Kodi 20,400. Mkononi 501,600. Kumbe Rozalia kamtengenezea slipu ya uongo ili asiaibike! Maskini Pastory, amelazimika hata kununua bati ili tuamini. Nimeziona kwenye guta la mizigo, mpya, zinang'aa. Nimemhurumia.

Mimi kesi yangu nimeimaliza kwa akili. Nafasi ya kufunga paketi ilikuwa bado wazi. Nikaandika barua kuomba nishushwe huko, mshahara 270,000. PAYE sifuri! Bosi kasaini papo hapo, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Nikakimbia nyumbani kumweleza Shadya. Safari hii hakubisha hata kidogo. Alianza kukunja nguo zake zote na kuzitia kwenye begi, zisilowane. Kaka yake Ashraf kaja na bajaji kumsaidia kubeba. Wamechukua na masufuria. Shemeji wa namna hii wako wangapi? Ametoa muda wake, na hakuniomba hata hela ya mafuta.

Nyumba imetulia. Kwa mara ya kwanza tangu slipu zije, sina wa kumshuku.